Mama Besi na Mapazia ya Watu

Wiki iliyopita niliwaacha nimekaa sakafuni, kwenye sebule isiyo na sofa. Sofa lilikwenda kwa wifi yangu, tukaambiana ni kwa muda, kwa sababu lilikuwa linakula sauti ya spika. Wifi alilipokea kwa mikono miwili na hajauliza tena huo muda unaisha lini.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: mimi ni mshonaji wa mapazia. Mume wangu ni fundi wa friji. Jina nililopewa na wazazi wangu mtaani hapa halitumiki tena. Naitwa Mama Besi, tangu siku sahani za jirani wa chini zilipotembea zenyewe kabatini.

Muziki naupenda, hilo sina aibu nalo. Ninaloungama ni kwamba njiani, sijui wapi, nilianza kuvipenda zaidi vyombo vinavyoutoa. Nilianza na redio ndogo kando ya cherehani. Zikaja spika mbili. Spika zikadai amplifaya. Amplifaya ikadai waya mnene kama kidole gumba. Kila kilichoingia nyumbani kwangu kiliingia kinaulizia jamaa zake.

Na jamaa hao wote alikuwa akiniletea mtu mmoja, muuza spika wa nyuma ya soko. Tunamwita Daktari. Udaktari hajausomea. Ila akija kwako husikiliza, hutikisa kichwa, na akiondoka hukuacha mgonjwa.

Basi wiki hii alikuja tena.

Alisimama katikati ya sebule, akapiga kofi moja. Pa! Akainamisha kichwa. Akapiga jingine.

"Shemeji," akaniambia, kama mtu anayetoa pole msibani, "spika zako hazina kosa."

"Nashukuru."

"Amplifaya nayo haina kosa."

"Na waya?"

"Waya hauna kosa hata kidogo. Si nilikuuzia mwenyewe?"

"Sasa kosa la nani?"

Akanyoosha kidole ukutani. "La nyumba."

Mume wangu alikuwa mlangoni akifunga viatu, begi la spana begani. Akainua uso. "Daktari, na nyumba siku hizi unauza?"

"Usinitanie, shemeji yangu. Kuta hizi ziko tupu. Sauti inagonga hapa, inarudi pale, inagonga tena. Muziki humu ndani unadunda kama mpira. Panahitaji kitambaa kizito, ukuta kwa ukuta. Mapazia!"

Mume wangu akacheka mpaka begi likateleza. "Hapo umeshindwa kuuza, ndugu yangu. Mapazia ndiyo kitu pekee ambacho huyu hanunui kwako."

Daktari alipoondoka, mume wangu hakutoka. Aliegemea mlango.

"Mke wangu, nikuulize. Jana ulisikiliza nini?"

"Muziki."

"Wimbo gani?"

Nikafikiri. Nikafikiri tena. Nilikumbuka besi ilivyokuwa. Nilikumbuka matoazi yalikuwa makali upande wa kushoto. Wimbo wenyewe sikuukumbuka.

"Ulisikiliza mwanzo wa wimbo mmoja," akasema. "Ukaukata. Ukasogeza spika. Ukaanza tena. Ukaukata. Mimi nimeshaujua ule mwanzo kuliko aliyeutunga, lakini sijui yule mwanamke kwenye wimbo aliolewa au hakuolewa."

"Nilikuwa napima."

"Najua ulikuwa unapima. Zamani ulikuwa unaimba. Unakumbuka? Nilikuwa napita mbele ya kibanda chako na begi tupu, najifanya naenda kazini, ili nikusikie. Siku nyingine napita, nazunguka, napita tena. Siku hizi huimbi. Unausikiliza muziki kama polisi anavyomsikiliza mshukiwa."

Akaniaga, akaenda zake.

Maneno yale yalinichoma. Mtu mwingine angekaa chini akajisahihisha. Lakini sikio la kufa halisikii dawa, hata ukilinunulia spika. Mimi nilikaa chini nikawaza mapazia.

Sasa nisikilizeni vizuri, hapa ndipo nilipojitia kitanzi.

Kibandani kwangu kulikuwa na kazi ya mteja mmoja mkubwa, mama msimamizi wa ukumbi wa burudani ulio mtaa wa tatu kutoka kwetu. Wote tunamwita Mama Ukumbi. Alikuwa ameniletea kitambaa chake mwenyewe, mahameli mazito ya rangi ya zabibu, nimshonee mapazia ya jukwaa. Kazi ile ilikuwa imekwisha. Imepigwa pasi, imekunjwa, inamsubiri aje kuichukua Jumatatu.

Nikaiangalia.

Nikajiambia: mahameli yakikaa yamekunjwa yanashika alama. Hata anayejifunza kushona analijua hilo. Afadhali yaning'inie.

Nikajiambia tena: na yataning'inia wapi? Kibanda ni kidogo.

Dhambi haiji na pembe, jamani. Hii yangu ilikuja imevaa aproni ya kazi, inanikumbusha kumjali mteja.

Jumamosi mume wangu alipokwenda kwenye friji zake, nikayabeba mapazia ya Mama Ukumbi nyumbani. Nikapanda ngazi, nikashuka, nikapanda. Kufikia saa ya yeye kurudi, sebule yetu ilikuwa imevaa mahameli kuta tatu.

Alisimama mlangoni.

"Haya ya nani?"

"Ya kazini. Yananyooka."

"Yananyooka."

"Eeh."

"Yanyooke na muziki?"

"Kitambaa nacho kinapenda kubembelezwa," nikamjibu.

Kisha akafanya jambo ambalo sikulizoea: hakunitania zaidi. Alisema tu, "Haya, mama," akaenda kunawa. Laiti ningekuwa na akili timamu, ningejiuliza kwa nini mtu yule siku hiyo hakuwa na ujasiri wa kuniuliza maswali. Lakini akili yangu ilikuwa kwenye soketi.

Jumapili alasiri mume wangu akaingia jikoni kupika chai. Mimi nikawasha.

Niliweka wimbo mmoja wa zamani, wa taratibu, wa mwanamke anayemwambia mumewe asifunge mlango kwa sababu bado hajamaliza kugombana naye. Wimbo huo nimeushonea mapazia ya nusu ya mji huu. Naujua kama mfuko wa aproni yangu.

Nilikuwa siujui.

Nilimsikia yule mwanamke akivuta pumzi kabla ya neno la kwanza. Nilisikia kidole cha mpiga gitaa kikiteleza kwenye uzi. Nilisikia mtu wa nyuma akiguna, kama amekumbuka yake. Sauti haikudunda tena. Ilikuja ikakaa karibu yangu, kama mgeni aliyevua viatu.

Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kitufe, kama kawaida, niukate nipime. Ukashindwa. Ukalala magotini. Ubeti wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Sijui lini mara ya mwisho nilifika ubeti wa tatu wa wimbo wowote. Machozi yalinilenga, na sikuwa na wazo lolote kuhusu matoazi.

Kap!

Umeme ukakatika.

Wimbo ulikufa katikati ya neno. Lakini mimi nilikuwa ndani yake, na kutoka sikuwa tayari. Kabla sijajua nafanya nini, mdomo ulikuwa umeshafunguka na lile neno nimelimalizia mwenyewe.

Nikaendelea. Mapazia yalikuwa yamezima kelele zote za nje, nikajisikia jinsi nilivyokuwa sijajisikia tangu enzi za kibanda na begi tupu. Na mara, kutoka jikoni, ikaingia sauti nzito ya chini. Dum, du-dum. Dum, du-dum.

Mume wangu! Mtu ambaye ndani ya nyumba hii sijawahi kumsikia akiimba chochote zaidi ya kuilaani friji. Hakuimba maneno. Alinishikia besi kwa mdomo, na hakukosea mahali hata pamoja. Nikipanda, ananingoja. Nikishuka, yuko chini ananipokea.

Tulimaliza wimbo hivyo, ukuta katikati yetu, hakuna anayemwona mwenzake. Nilitaka kwenda jikoni nikamkumbatie.

Makofi yakalia mlangoni.

Nilikuwa nimeusahau mlango wazi. Alikuwa Daktari, na boksi kwapani, uso unang'aa kama aliyeshinda bahati nasibu. Hakunitazama mimi. Aligeuka nyuma yake.

"Umesikia, mama? Ndiyo maana nilikwambia tusimame kwanza ngazini. Hiyo ndiyo sauti! Pumzi ya mwimbaji unaisikia. Na ile besi, umeisikia ile besi? Haivimbi, haikoromi, imetulia!"

"Kweli kabisa," ikajibu sauti ya kike. "Kama watu wamo humu humu."

"Huo ni waya wangu. Waya wa kawaida hauwezi kukupa hiyo. Nilitaka uje usikie kwa mteja wangu kabla hujaamua vyombo vya ukumbi."

Ukumbi?

Akaingia yule mama. Kilemba, mkoba, miwani iliyoshuka puani.

"Mama Ukumbi!" nikasema. Niliipaza sauti bila kukusudia. Jikoni kitu kikaanguka.

"Aa! Fundi wangu! Kumbe hapa ni kwako?" Akanishika mikono. "Mbona giza hivi? Daktari ananiambia kuna mashine hapa inayotoa sauti ya ajabu. Iko wapi?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilisogea kinyumenyume nikasimama mbele ya pazia, kama vile kiuno cha mtu mmoja kinaweza kuziba kuta tatu. Bahati yangu moja ilikuwa hilo giza.

"Daktari," nikasema, nikitafuta cha kuwapoteza mawazo, "umeme umekatika."

"Umekatika lini?"

"Ubeti wa tatu."

Daktari akaitazama amplifaya. Taa yake ilikuwa imezimika. Akabonyeza swichi. Akabonyeza tena. Akautazama mdomo wangu, kisha akatazama mlango wa jikoni, na nikaona jasho likimtoka kwa jinsi alivyokuwa anahesabu maneno aliyokwisha kuyasema.

Mtu mwingine angenyamaza. Daktari ni mfanyabiashara.

"Hata hivyo," akasema, "mapazia yanasaidia sana."

Na mwanamke yule akageuka kuyaangalia mapazia.

Alisogea. Akavuta upande mmoja, mwanga ukaingia. Akashika kitambaa kwa vidole viwili, kama anavyoshika kila anayejua bei yake.

"Mahameli."

"Ndiyo, mama."

"Rangi ya zabibu."

"Ndiyo, mama."

"Kama yangu."

Daktari akaona nafasi ya kuniokoa. "Huyu ni mshonaji hodari, mama! Mwambie tu, atakushonea haya haya!"

Mama Ukumbi akashusha macho. Pazia lilikuwa limefika sakafuni, likajikunja, likatambaa mpaka karibu na miguu yake. Juu nilikuwa nimelikunja mara mbili, na bado lilikuwa limebaki.

"Fundi," akasema polepole, "mbona una mapazia marefu kuliko nyumba?"

Hapo uongo ulikuja mwingi, umejipanga mstari. Ningesema kitambaa kilibaki. Ningesema nilinunua changu. Lakini dakika chache kabla ya hapo nilikuwa nimeimba ukweli mtupu, na koo lilikuwa bado halijazoea kurudi kwenye uongo.

"Ni yako, mama," nikasema. "Niliyatundika jana. Nilitaka kusikia muziki vizuri. Hayajachafuka, hayajachanika, lakini sikuwa na ruhusa. Nisamehe."

Alitafuta mahali pa kukaa. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Mwisho akajikusanya, akakaa juu ya spika yangu ya kushoto. Daktari akashika moyo.

"Nimefanya kazi na mafundi wengi," akasema. "Wapo walionikatia kitambaa. Wapo waliokimbia na kitambaa. Lakini wa kukichukua kitambaa changu akakiimbia, huyo ndiye wa kwanza. Ile sauti ilikuwa yako?"

"Ya kwangu."

"Unaimba wapi?"

"Naiimbia cherehani tu, mama."

"Basi tutaileta cherehani jukwaani." Hakucheka. "Sikia. Jumamosi tunafungua jukwaa jipya. Mwimbaji wetu sauti imemkauka, anaongea kama bawaba yenye kutu. Nimezunguka mji mzima natafuta mtu. Chagua. Jumatatu uje mazoezini, Jumamosi uimbe, na haya mambo ya mapazia tuyazike hapa. Au nichukue kitambaa changu leo, na kila ninapokwenda, nikiulizwa habari za fundi wangu, nitasema ninayoyajua."

Kuimba mbele ya watu! Mimi? Nikikosea kwenye pazia nafumua nashona upya. Mbele ya watu nitafumua nini?

"Siwezi," nikasema.

"Unaweza. Nimekusikia kwa masikio yangu."

"Sijawahi kuimba na bendi."

"Ingekuwa bendi mbovu ningekuelewa. Yangu ni nzuri. Hasa mpiga besi wangu, huyo atakushika mkono kama mtoto." Uso wake ukalainika. "Mtu mpole, hana makuu. Alikuja kututengenezea friji ya vinywaji. Akaona gitaa la besi limeegemea ukuta, akaomba alishike kidogo tu. Mpaka leo hajaliachia. Kila Jumamosi yupo. Na friji anatutengenezea bure."

Niliyasikia maneno hayo yakiingia sikioni moja moja. Friji. Besi. Kila Jumamosi.

Daktari alikuwa ameanza kurudi nyuma kuelekea ngazini.

"Mume wangu," nikaita, "ile chai vipi?"

"Inachemka!" ikajibu sauti nyembamba ambayo haikuwa ya mume wangu, wala ya mwanamume yeyote mzima.

"Ilete hivyo hivyo."

Kisha akatokea, sinia ameliinua mpaka usawa wa pua, vikombe vinagongana. Alitembea ubavu, kama kaa, akitafuta ukuta wa kujificha. Lakini kuta zote zilikuwa zimevaa mahameli ya Mama Ukumbi.

"Besi!" yule mama akaruka kutoka juu ya spika. "Wewe! Kumbe hapa ni kwako? Huyu ndiye mkeo? Siku zote hizi natafuta mwimbaji, na wewe unaye ndani, hunong'oni hata neno!"

"Shikamoo, mama," mume wangu akasema kutoka nyuma ya birika.

"Marahaba. Na mbona simu zangu hupokei? Spika yako ilifika jana, ulipokwisha kuondoka. Kubwa kuliko friji! Imeziba mlango wa nyuma, watu wanapita kwa kujikunja. Njoo uitoe."

"Si nilikwambia itafika Jumamosi, shemeji?" Daktari akaropoka kutoka mlangoni, kisha akauma ulimi, na boksi likamponyoka kwapani.

Nikamtazama Daktari. Daktari akamtazama mume wangu. Mume wangu akalitazama birika kana kwamba ndilo lililomtobolea siri.

Huyu ndiye aliyenitania kwa kila waya. Huyu ndiye aliyeniita polisi. Nilitaka kukasirika, na kicheko kilikuwa kinanipanda kifuani, na nyuma ya kicheko kulikuwa na kitu kingine kilichouma kidogo: Jumamosi zote hizo alikuwa anapiga muziki, na mimi sikuwepo.

"Spika gani?" nikamuuliza.

Mume wangu akaweka sinia sakafuni taratibu. Akasimama. Akajifuta mikono kwenye suruali.

"Unauliza hiyo ya ukumbini," akasema, "au zile nyingine?"